Maboksi Matupu ya Mwalimu Zou

Shiqiao, 3 Septemba 2017

Mwanangu Yunxia,

Zawadi yako imefika. Nakushukuru kwa hewa ya Hangzhou, nimeivuta yote.

Jana Gan kinyozi alinipungia mkono kutoka mlangoni kwake, maana anajua nikiitwa kwa mdomo sisikii, akaniambia nina kifurushi. Kwenye lebo kuna jina langu, Zou Suqin, na chini yake pameandikwa: viatu vya kitambaa vya kike, namba 37. Nilikibeba hadi nyumbani huku natabasamu njia nzima, hata mama Liao wa jirani akaniuliza kama nimeokota kitu. Nikakata utepe kwa kisu cha mboga. Ndani kulikuwa na karatasi moja laini ya kufutia mdomo, imekunjwa vizuri sana. Nikakung'uta boksi, nikalichungulia tena, nikacheka peke yangu. Marehemu baba yako angesema umerithi ubahili wa ukoo wetu sisi wakina Zou.

Basi waulize wafungashaji wa duka lenu viatu vyangu amevivaa nani.

Kuhusu simu ya kugusa, jibu ni lile lile. Kwa masikio haya nikipokea simu nasikia nyuki tu. Nimefundisha watoto wa mji huu kuandika barua miaka thelathini na moja, na sasa nimebaki mimi peke yangu ninayeziandika. Lakini sokoni nakiri nimeanza kupata tabu. Muuza tofu ya soya, muuza mayai, hata yule bibi wa vitunguu asiyejua kusoma, wote wametundika ile karatasi ya vijimraba vyeusi na vyeupe ya kulipia kwa simu. Nikitoa noti wananiangalia kwa huruma: "Mwalimu, chenji sina." Gan ndiye ananiokoa. Namkabidhi noti, yeye anaelekeza simu yake kwenye vijimraba, tofu inakuwa yangu. Watu wanamwita benki ya Mwalimu Zou. Naye anavyopenda sifa! Tangu kampuni ya vifurushi impe kile kibao cha uwakala amejishonea koti la rangi ya kampuni, analivaa hata akiwa ananyoa.

Mwaka mpya utakuja nyumbani, au hadi nife?

Mama yako,
Suqin


Hangzhou, 12 Septemba 2017

Mama,

Pole sana kwa boksi. Ni makosa ya ghalani tu, kule wanafunga maelfu kwa siku na mikono inachoka. Likija jingine la namna hiyo pokea tu, tia saini, litupe. Usihangaike kuuliza.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile, huduma kwa wateja wa duka la mtandaoni. Naandikiana na watu arobaini kwa mkupuo, wote nawaita mpendwa, hata wanaonitukana. Leo mmoja ameniandikia: "We mpendwa wako mpeleke kuzimu, nataka buti yangu ya kushoto." Bosi wetu, Bwana Shen, ameniahidi kuwa duka likipanda kwenye orodha kabla ya tarehe kumi na moja mwezi wa kumi na moja, ile siku nchi nzima inanunua, nitafanywa kiongozi wa zamu. Mama, nimeingoja nafasi hiyo miaka minne. Wenzangu niliokuja nao wote wamesharudi vijijini kwao.

Mwaka mpya nitajitahidi.

Mwanao,
Yunxia


Shiqiao, 28 Septemba 2017

Mwanangu,

Yamekuja matatu mengine. La kwanza lina karatasi ile ile. La pili lina kipande cha kadibodi. La tatu halina kitu chochote, hata adabu. Lebo zote ni viatu.

Nimefikiri kama mwalimu. Mfungashaji anaweza kukosea mara moja. Mtoto akikosea hesabu ile ile mara nne, hajakosea, amenakili kwa mtu. Hapa kuna mkono. Wewe mwanangu umelinyima tumbo lako ukaninunulia viatu, na kuna mtu njiani anavitoa na kunipa karatasi za kufutia mdomo.

Nilimuuliza Gan kwa upole. Akacheka. "Mwalimu, boksi lako jepesi tangu linashuka kwenye gari. Mimi nalibeba kwa kidole kimoja." Nikamwambia, "Kama ulijua ni jepesi mbona ulininyamazia?" Akasema, "Nilidhani binti yako anakutumia barua za mapenzi." Watu waliokuwa wanangoja kunyolewa wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Mama Liao anasema mkwe wa Gan pale kijijini kwao amevaa viatu vipya vya kitambaa. Mama Liao ana mdomo, najua. Lakini ana macho pia.

Mama yako


Hangzhou, 7 Oktoba 2017

Mama,

Nakuomba usigombane na mtu. Baba mdogo Gan alikuwa rafiki wa baba tangu sijazaliwa. Alilibeba jeneza la baba kwa mguu wake ule mbovu. Hawezi.

Haya mambo ya vifurushi yana mizunguko mingi, ukiwa nje huwezi kuyaelewa. Nitakutumia pea nyingine. Yaache.

Kuna baridi huku. Vaa lile koti la kijivu.

Yunxia


Shiqiao, 21 Oktoba 2017

Yunxia,

Umeandika "nitakutumia pea nyingine". Kwa hiyo pea za kwanza ulituma. Nilikuwa na shaka kidogo, sasa sina.

Yamefika kumi na moja. Nimeyapanga ukutani chini ya picha ya baba yako, na tarehe nimeandika juu ya kila moja. Jumatatu nilipanda basi hadi mjini wilayani, kwenye ofisi ya kampuni ya vifurushi, nikapeleka malalamiko dhidi ya Gan Youfu. Kurasa mbili, kwa mkono wangu, bila kufuta hata neno. Kijana wa pale alizisoma akasema hajawahi kuona mwandiko mzuri hivyo. Nikamwambia asisifu mwandiko, asome kilichoandikwa.

Anataka ushahidi. Basi niandikie barua moja tu, fupi, useme: mimi Rao Yunxia nilimtumia mama yangu pea kumi na moja za viatu, tarehe hizi na hizi. Weka saini. Hilo tu.

Usinionee huruma, wala yeye usimhurumie. Alipolibeba jeneza la baba yako nililia kwa shukrani. Ndiyo maana ninaumia zaidi.

Mama yako


Hangzhou, 30 Oktoba 2017

Mama,

Rudi wilayani ukayaondoe hayo malalamiko. Nakupigia magoti.

Huenda hakuna mtu aliyeiba kitu. Siwezi kukueleza kwa barua, na wiki hizi mbili siwezi hata kupumua, Bwana Shen ametufungia milango mpaka tarehe kumi na moja ipite. Ikipita tu nitakueleza kila kitu. Wiki mbili, Mama. Nivumilie wiki mbili na usimwambie mtu yeyote neno.

Yunxia


Shiqiao, 6 Novemba 2017

Yunxia,

Barua yako imefika imechelewa siku mbili, na hata ingewahi nisingekusikiliza. Sikuomba huruma, niliomba saini.

Sikia sasa yaliyotokea. Nilirudi wilayani, na yule kijana akatafuta kwenye kompyuta yake. Akaniambia, "Bibi, mbona mwenyewe umethibitisha kuwa umevipokea? Na umevisifu." Akanigeuzia kioo nisome. Jina langu, mji wangu, nyota tano, na maneno haya, nimeyanakili pale pale: "Viatu laini kama pamba, havibani vidole. Mume wangu amevipenda, nimemwagizia na yeye pea moja."

Mume wangu! Baba yako ana miaka sita kaburini.

Mimi sina simu. Sijui hata inapobonyezwa. Nani hapa Shiqiao anashika simu kwa niaba yangu? Nani ananilipia tofu na mayai? Nani anajua jina langu, mtaa wangu, na namba yangu ya kiatu, maana huwa ananiona nikivivua mlangoni kwake asije akafagia matope? Kumbe hakutosheka kuiba. Ameandika kwa jina langu kwamba nimeridhika, na akamtania maiti aliyembeba yeye mwenyewe.

Nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja sokoni. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa. Gan alikuwa kwa muuza tofu. Nilimwita mwizi. Nilimwita kwa sauti ile niliyokuwa naitumia uwanjani shuleni. Nikasoma yale maneno yote, mpaka la mume wangu, nikamuuliza, "Decheng, mume wangu, alikukosea nini?"

Akasema tu, "Mwalimu, mimi sijui kuandika hivyo." Mama Liao akamtemea mate karibu na kiatu. Siku iliyofuata gari la kampuni likaja, wakang'oa kibao, wakachukua koti.

Sijisikii vizuri kama nilivyodhani nitajisikia. Lakini haki ni haki.

Mama yako


Shiqiao, tarehe 15 mwezi wa 11

Yunxia mtoto wa Decheng,

Ni mimi baba yako mdogo Gan. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha zako, nilikuwa nampelekea mama yako. Mwandiko wangu unaujua, nisamehe. Mama yako alinifundisha kusoma darasa la watu wazima, hakumaliza, mimi ndiye niliyeacha.

Nina swali moja. Ulituma viatu au hukutuma?

Nauliza kwa sababu mpwa wangu kule Nanchang naye ni mtu wa vifurushi. Anasema kwake pia yanakuja maboksi ya hewa, na wenyewe wanajua, ni maduka yanajinunulia yenyewe ili yaonekane yanauza. Anasema huwa wanatumia majina ya ndugu wa wafanyakazi. Nilimwambia hapana, mtoto wa Decheng namjua.

Hapa kwangu watu hawaji tena kunyolewa. Wanaokuja ni wachache, wazee wasio na meno ya kusengenya. Wengine wanapita upande wa pili wa barabara. Mke wa mwanangu ameniambia nisimchukue mjukuu shuleni, watoto wanamzomea.

Mama yako sijamwambia wala sitamwambia mimi. Hilo ni lako. Mimi nikisema nitaonekana mwizi anayemsingizia mtoto wa watu. Wewe ukisema neno moja linatosha.

Nasubiri.

Gan Youfu


Hangzhou, 20 Novemba 2017

Mama,

Tarehe kumi na moja imepita. Duka letu limekuwa la tatu katika viatu vya wazee nchi nzima. Bwana Shen aliniita mbele ya wote akanivisha ua jekundu. Tangu jana mimi ni kiongozi wa zamu, nina watu kumi na wanane chini yangu, na chumba nitakacholala na mtu mmoja tu badala ya watano.

Nimekutumia viatu. Vya rangi nyekundu iliyoiva, soli nene, ndani vina manyoya. Nimevifunga mwenyewe kwa mikono yangu. Hivi vitafika.

Nina kazi nyingi, nitaandika zaidi siku nyingine.

Mwanao,
Yunxia


Shiqiao, 2 Desemba 2017

Mwanangu kiongozi wa zamu,

Hongera! Nimemwambia mama Liao, na mama Liao ameuambia mji wote, kwa hiyo usione ajabu ukipiga chafya kwa kusemwa.

Viatu vimefika. Vyekundu, soli nene, manyoya ndani, namba 37, miguu yote miwili. Nimevivaa ndani ya nyumba kutwa nzima.

Unaona sasa? Vifurushi siku hizi vinapokelewa duka la jumla karibu na daraja, na cha kwanza tu kupita huko kimefika kikiwa kamili. Kumi na moja kwa Gan, hakuna kitu. Kimoja kwa mwingine, kipo. Ushahidi gani tena unatakiwa? Nilikipitisha sokoni kila mtu akione. Wale waliokuwa bado wanamtetea wakanyamaza. Muuza tofu, ambaye ni binamu yake, aliniambia, "Mwalimu, nilikuwa nimekuhukumu vibaya, nisamehe."

Tabu yangu ni moja. Sasa hakuna wa kunilipia. Vijana wanasema, "Bibi, nunua simu." Wiki hii nimekula kabichi zangu za uani. Jana nilisimama kwa muuza mayai na noti mkononi mpaka muuzaji akanipa mawili bure kama ombaomba. Niliyarudisha. Lakini napendelea kula kabichi kuliko kulipiwa na mwizi.

Nimemwona Gan leo. Anafagia mlangoni, hana nywele za kufagia. Alinisalimia: "Mwalimu." Sikuitika.

Mama yako


Hangzhou, 14 Desemba 2017

Mama,

Nimeanza barua hii mara sita. Naiandika mpaka mwisho sasa, na ninakuomba usome umekaa.

Sikutuma viatu. Sikuwahi kutuma hata pea moja kabla ya hizo nyekundu. Maboksi yaliondoka hapa yakiwa matupu, na aliyeandika lebo ni mimi.

Duka likiwa halina mauzo, hakuna anayeliona. Kwa hiyo tunajinunulia wenyewe. Lakini lazima boksi la kweli lisafiri hadi mlango wa kweli wa mtu wa kweli, la sivyo tunakamatwa. Bwana Shen alitaka kila mmoja wetu alete majina kumi ya ndugu. Nilitoa la shangazi, la mjomba na mengine, na la kwako. Mwaka mpya uliopita nilipokuambia utazame simu, upepese macho, ugeuze kichwa kushoto na kulia, ukadhani nakupiga picha, ukaenda kwanza kuchana nywele, nilikuwa nafungua akaunti kwa kitambulisho chako. Ninaishika mimi. Mnunuzi ni wewe, anayelipa ni Bwana Shen, anayethibitisha kupokea ni mimi.

Zile sifa niliandika mimi. Tulikuwa na orodha ya maneno ya kunakili. Lile la mume wangu amevipenda lilikuwa la saba. Nililibandika nikaendelea na jingine. Mama, sikumfikiria baba. Ningekuwa nimemfikiria nikaandika hivyo hivyo, labda ningejiita mtu mbaya. Lakini sikumfikiria kabisa, na hilo ndilo linanitisha.

Nilinyamaza kwa sababu ya nafasi ile. Kisha nikanyamaza kwa aibu. Baba mdogo Gan aliniandikia mwezi jana akaniuliza, na sikumjibu. Ile barua yako ya viatu vyekundu ndiyo iliyonivunja. Nilituma pea moja ya kweli ili nipunguze dhambi, nayo ikammaliza.

Peleka barua hii kwake. Ipeleke wilayani. Isome popote unapotaka. Nikifukuzwa kazi, nifukuzwe.

Yunxia


Shiqiao, 8 Januari 2018

Yunxia,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya nne nikaenda kwa Gan.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Nikaitoa bahasha. Akaona mwandiko wako, akasema, "Usinisomee. Najua tangu mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nasubiri mtoto aseme." Nikamwuliza kwa nini hakunijia. Akasema, "Ungeniamini?"

Nikapiga magoti, Yunxia. Mimi, na umri huu, kwenye sakafu ya kinyozi. Akaniinua kwa hasira. "Magoti ya humu ndani yananisaidia nini? Ulinitangaza gulioni, kanisafishe gulioni. Soma hiyo barua pale pale uliposimama. Sitaki kingine, wala kibao sikitaki."

Nikamwahidi. Na niliahidi kwa moyo wangu wote, hilo ulijue.

Jumamosi gulio lilijaa. Nilisimama kwa muuza tofu, barua mkononi. Gan alikuwa upande wa pili, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe. Amekuja na mjukuu wake, amemshika mkono, ili mtoto asikie. Nikapaza sauti. Nikasema, "Niliwaambia Gan Youfu ni mwizi. Nilikosea. Maboksi yalikuwa matupu tangu yalikotoka. Ni duka fulani la mbali, lilikuwa linadanganya wateja."

Duka fulani la mbali. Barua ilikuwa imefunguka mkononi mwangu, jina lako liko chini, na macho yangu yalilifikia yakaliruka. Sikupanga. Nakuapia kwa kaburi la baba yako sikupanga. Nilikuwa naona sura zote zile, wanafunzi wangu na wazazi wa wanafunzi wangu, walionipongeza juzi kwa binti yangu kiongozi wa zamu.

Kisha mama Liao akauliza, bila ubaya wowote, kwa kutaka kujua tu, "Sasa Mwalimu, kama hukupokea, ni nani aliyeandika kwa jina lako kwamba umepokea? Nani mwingine ana simu yenye mambo yako?"

Wote wakamgeukia Gan.

Ilikuwa neno moja tu. Binti yangu. Ningelisema, lingekwisha. Gan alikuwa ananitazama mimi, hakuwatazama wao hata kidogo. Nikasema, "Hilo sijui."

Nikasikia mtu nyuma, na mimi sisikii, lakini hilo nililisikia: "Amemwonea huruma, maskini. Mwalimu ana roho nzuri." Wakaanza kunisifu mimi! Gan alimgeuza yule mtoto kwa bega wakaondoka, na mguu wake ule mbovu ukamfanya aende polepole, kwa hiyo wakawa na muda wa kutosha kumwangalia.

Nilikwenda kwake jioni ile ile, mlango umefungwa. Jana mwanawe alikuja na gari wakapakia kitanda na kiti cha kunyolea. Anahamia kwa mpwa wake Nanchang. Nilisimama barabarani. Hakunisalimia.

Unaweza kusema ni wewe uliyeanza. Ni kweli. Lakini wewe ulimuumiza bila kumwona, ukiwa mbali, kwa vidole. Mimi nilikuwa namtazama usoni.

Mwaka mpya usije. Majirani watajaa hapa kukupongeza, nitawapikia na kuwakaribisha, na sote wawili tutatabasamu. Sitaweza kufanya hivyo mbele yako.

Hilo jina langu ulilolifungia kwenye simu, endelea nalo kama bado lina kazi kwenu. Linunulie viatu, liandikie kwamba limeridhika. Huku nilikokuwa nikilitumia mimi, sitathubutu tena kuliweka chini ya maandishi yoyote.

Mama yako